Nani ameshika bureti? Mwongozo kwa walimu wa sayansi wa vyuo vya Lubumbashi wanaotaka kujifunza pamoja

Ingia katika TP (kazi za vitendo za maabara) ya kemia ya mwaka wa kwanza, usimame karibu na mlango na usiseme kitu. Kila meza ina wanafunzi wanane au kumi na seti moja ya vifaa. Haitapita robo saa kabla hujaona jinsi kazi ilivyogawanyika yenyewe. Wawili wameshika bureti (bomba la kioo la kupimia kimiminika), na hawataiachia hadi mwisho. Mmoja anaandika matokeo, mara nyingi msichana, kwa kuwa wenzake wamesema mwandiko wake ni mzuri. Waliobaki wanasubiri kunakili. Mwisho wa muhula wote watafanya mtihani uleule, na sisi walimu tutasema kwamba waliofaulu ndio wenye kipaji cha sayansi.

Karibu kila mwalimu ameliona jambo hili, lakini kila mmoja ameliona akiwa peke yake. Mwanafunzi aliyekaa bila kugusa kitu kwenye maabara yako saa tatu ndiye huyohuyo anayekaa nyuma kabisa kwenye oditwari (ukumbi wa mihadhara) ya fizikia saa nane. Wewe na mwalimu wa fizikia hamjawahi kuzungumza habari zake hata mara moja. Mwongozo huu ni wa kuanzisha mazungumzo hayo: kundi dogo la walimu wa sayansi wanaokutana mwaka mzima, wanaotembeleana darasani, na wanaobadilisha ufundishaji wao hatua kwa hatua ili asiachwe mtu nje.

Semina ya siku mbili yenye vyeti na pesa ya transport ni kitu kingine kabisa. Nimehudhuria nyingi, na nyingine zilikuwa na wasemaji hodari. Lakini mtaalamu anaondoka Jumamosi, na Jumatatu unabaki peke yako mbele ya promosyo (darasa zima la mwaka mmoja) ya watu mia tatu, mikrofoni haifanyi kazi, na yale uliyoyaandika yamelala kwenye mkoba. Wenzetu wa Miami University, jimbo la Ohio huko Marekani, walianza mwaka 1979 kupanga walimu wao katika makundi ya kujifunza yanayodumu mwaka mzima wa masomo, na mtindo huo umeenea katika vyuo vingi tangu hapo. Hauhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Unahitaji wenzako watakaorudi wiki ijayo.

Hatua ya 1: Tazama kwanza darasa lako

Kabla ya kumwita yeyote, chukua somo lako moja na ulitazame kwa majuma machache. Andika mambo matatu kwenye daftari: nani anauliza, nani anagusa vifaa, na nani hayupo. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Asiyeonekana kipindi cha asubuhi huenda anatoka Ruashi kwa miguu. Huenda hajamaliza kulipa minerval (ada ya masomo) na anaogopa kuitwa mbele za watu. Huenda ananyonyesha. Huwezi kujua kwa kukisia, ila ukishaona kwamba hayupo, unaweza kuuliza kwa upole.

Kisha fungua makaratasi ya mtihani wa mwaka jana. Tafuta swali moja ambalo wengi waliangukia, ulisome kwa sauti. Je, linapima kemia, au linapima uwezo wa kusoma Kifaransa cha mistari kumi na miwili chenye vishazi vilivyoingiliana? Ukilikata swali hilo liwe sentensi nne fupi, kemia inabaki palepale. Hili ni zoezi la jioni moja tu, na litakupa kitu cha kuwaonyesha wenzako siku ya kwanza. Mtu anayekuja na karatasi mkononi husikilizwa kuliko anayekuja na hotuba juu ya usawa.

Hatua ya 2: Waite watu wachache, wa ngazi mbalimbali

Watu sita ni wa kutosha kuanza. Wakizidi kumi na wawili, wengine watageuka wasikilizaji. Changanyeni masomo: kemia, fizikia, biolojia, hesabu, jiolojia. Changanyeni na ngazi pia: Prof, CT (chef de travaux, aliye kati ya asistanti na Prof), asistanti. Mkiweza kuvuka ukuta wa chuo, mpate mtu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mtu wa ISP (chuo cha ualimu), faida ni kubwa zaidi, kwa sababu ISP inafundisha walimu wa sekondari. Namna mwanafunzi wa ISP anavyofundishwa TP leo ndivyo atakavyoifundisha kesho kwenye shule ya Katuba au ya Kampemba, kwa watoto ambao baadaye watakuja kwenu.

Msimsahau fundi wa maabara. Katika vyuo vyetu huwa haitwi kwenye kikao chochote cha mambo ya ufundishaji, wakati yeye ndiye anayejua mengi. Anajua ni mizani ipi inadanganya. Anajua ni mwanafunzi gani hurudi saa tisa, wenzake wameondoka, kuomba aguse hadubini dakika tano. Mpeni kiti kama wengine na jina lake liandikwe kwenye orodha.

Wanafunzi nao? Maoni yangu ni kwamba wasiwe wajumbe wa kudumu, kwa sababu mbele ya walimu kumi watasema yale walimu wanataka kusikia. Waalikeni wawili wawili kwa vikao fulani, na msiridhike na CP (kiongozi wa wanafunzi wa darasa) peke yake. CP amezoea kusema na walimu. Mwiteni yule wa safu ya nyuma.

Kuhusu ruhusa: barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa kitivo inatosha. Mwelezeni kwamba hamwombi fedha. Mlango hufunguka upesi zaidi hivyo.

Hatua ya 3: Wekeni sheria kabla ya kuanza

Mkutano wa kwanza ni wa sheria, na ya kwanza kabisa ndiyo ngumu kuliko zote: asistanti anasema kwanza, Prof anasema mwisho. Tusifichane. Kwetu asistanti anategemea Prof kwa tezi yake (tasnifu ya udaktari), kwa barua zake, kwa kupandishwa cheo. Prof akishatoa neno lake, hakuna asistanti atakayesema kwamba TP iliyoandikwa na Prof huyohuyo haieleweki. Akianza asistanti, neno litasemwa. Nawasihi maprofesa wanaosoma hapa walichukue hili kwa moyo mweupe. Heshima yenu haipungui kwa kusubiri dakika kumi, na asistanti wenu ndio waliosimama kwenye meza za maabara wakati ninyi mko kwenye deliberasyo (kikao cha kuamua matokeo).

Ya pili: kinachoonekana katika darasa la mwenzako hakitoki nje ya kundi. Hakipelekwi kwa mkuu wa kitivo wala kuingizwa kwenye faili ya kupandishwa cheo, na wala hakizungumzwi kwenye basi. Siku sheria hii ikivunjwa, kundi limekufa.

Ya tatu: anayekuja na lalamiko juu ya wanafunzi aje pia na kitu cha kuonyesha, kama karatasi ya intero (jaribio fupi la darasani), mchoro wa meza, au daftari la mwanafunzi alilopewa kwa ruhusa. “Wanafunzi wa siku hizi hawasomi” si hoja ya kuanzia kikao.

Muda nao uangaliwe. Saa sita mchana inafaa kuliko saa kumi na moja jioni, maana wakati wa jioni akina mama wa kundi wanawahi nyumbani na wasio na gari wanagombea basi. Saa moja na nusu kwa kila wiki ya pili. Kila mtu ajinunulie chai. Na lugha iwe ile mnayofikiria nayo. Mkichanganya Kiswahili na Kifaransa, sawa kabisa.

Hatua ya 4: Tembeleaneni darasani

Hapa ndipo kazi ilipo. Mkiruka hatua zote nyingine, hii msiiruke.

Jipangeni wawili wawili, ikiwezekana watu wa masomo tofauti. Mtu wa biolojia akiingia kwenye somo la mekanika, hawezi kushughulika na hesabu za mwenzake, kwa hiyo macho yake yatabaki kwa wanafunzi. Mwenye darasa ndiye anayesema anataka atazamiwe nini. Mgeni anakaa nyuma, haingilii, anachora.

Michoro mitatu inatosha mwaka mzima. Wa kwanza ni ramani ya sauti: chora viti vya oditwari kwa mraba mraba, kisha weka alama kila mtu anaposema. Baada ya saa mbili utaona sehemu zilizojaa alama na sehemu tupu kabisa. Wa pili ni saa ya kimya. Mwalimu akishauliza swali, hesabu sekunde kabla hajajijibu mwenyewe au kumtaja mtu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili katika masomo ya sayansi miaka ya 1970, akakuta walimu kwa wastani wanasubiri sekunde moja hivi. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu, na wale walioonekana wazito nao walianza kusema. Sekunde tatu! Kwa mwanafunzi anayepokea swali kwa Kifaransa, analipanga kichwani kwa Kiswahili au Kibemba au Kiluba, kisha analirudisha kwa Kifaransa, hata hizo tatu ni chache. Mimi napendekeza kumi kwa maswali ya kufikiri.

Mchoro wa tatu ni ramani ya mikono, na ni wa maabara. Chagua meza moja tu. Kila dakika tano andika nani ameshika nini: bureti, pipeti, kalamu, simu, au mikono mitupu. Usiandike majina. Andika K1, K2 kwa viti. Mwisho wa TP una jedwali linalosema kila kitu, na hakuna anayeweza kubishana nalo.

Kisha zungumzeni siku ileile, dakika ishirini, kabla kumbukumbu haijapoa. Mgeni anaanza na alichokiona, kwa hesabu, bila kutoa hukumu. Mazungumzo mazuri huenda namna hii:

— CT, uliuliza maswali kumi na moja. Tisa yalijibiwa na safu mbili za mbele.

— Asistanti, wa nyuma hawajitayarishi. Unawajua.

— Inawezekana, CT. Ila mimi nilikaa nao. Kutoka pale maandishi ya upande wa kushoto wa ubao hayaonekani, jua linapiga dirishani. Kijana wa karibu yangu alikuwa ananakili kutoka kwa jirani, na jirani alikuwa amekosea alama ya kutoa.

— Hilo sikulijua.

— Wiki ijayo utakuja kwangu, CT. Utaniambia ya kwangu.

Angalieni kwamba asistanti hakusema mwenzake ni mwalimu mbaya. Alimpa habari ambayo mtu aliyesimama mbele hawezi kuipata. Na sentensi ya mwisho ni ya lazima: kila anayetembelea hutembelewa.

Hatua ya 5: Chagueni badiliko moja

Baada ya ziara za kwanza mtakuwa na orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha. Kila mmoja achague moja kwa muhula. Nitataja yale ninayoyaamini zaidi, na sitayapa nafasi sawa.

*Zamu za mikono.* Hili ndilo la kuanzia kwa yeyote mwenye maabara. Wapeni watu wa meza kazi nne: mshika vifaa, msoma kipimo, mwandishi, na muulizaji, ambaye kazi yake ni kuuliza “tumejuaje?” kabla namba haijaandikwa. Meza ikiwa na watu wanane, kila kazi ina watu wawili. Kila baada ya muda fulani mwalimu anapiga makofi na kazi zinahama. Andikeni zamu kwenye karatasi ya TP yenyewe, ili isionekane ni kumwadhibu mtu. Mara mbili tatu za kwanza kutakuwa na manung’uniko kutoka kwa wale waliozoea bureti. Vumilieni. Na kwenye alama za TP, ongezeni sehemu ndogo ya vitendo inayofanywa na kila mwanafunzi mmoja mmoja, hata kama ni kusoma tu kiwango cha maji kwenye bureti kwa usahihi. Mwanafunzi akijua ataulizwa kwa mkono wake mwenyewe, hatakubali tena kukaa nyuma.

*Wawili wawili kwa Kiswahili, kisha wote kwa Kifaransa.* Uliza swali, acha kimya cha kuandika, waache wazungumze na jirani dakika mbili kwa lugha yoyote, ndipo uombe jibu kwa Kifaransa. Mwalimu Frank Lyman wa Maryland alieleza utaratibu huu wa kufikiri, kuzungumza wawili na kushirikisha wote mwaka 1981, na unafanya kazi hata kwenye oditwari yenye madawati yaliyofungwa sakafuni. Hofu kwamba Kifaransa kitadhoofika sioni kama ina msingi. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa jambo hutafuta maneno ya Kifaransa kwa bidii, kwa sababu ana kitu cha kusema.

*Sayansi inayotoka hapa.* Tunaishi juu ya shaba na tunafundisha kemia ya shaba kwa mifano ya vitabu vya Ulaya. Kabla kiwanda cha kampuni ya madini ya Union Minière hakijamimina shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi mwaka 1911, mababu wa Katanga walikuwa wanayeyusha malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakimimina misalaba ya mukuba, yaani shaba, iliyotumika kama fedha na mahari. Hiyo ni kemia kamili. Joto linavunja malakiti, inabaki oksidi ya shaba, na gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa inainyang’anya oksijeni. Mfundishe mwanafunzi upunguzaji wa oksidi kwa mfano huu, na yule ambaye baba yake anachimba ataona kwamba nyumbani kwake kumewahi kuwa na maarifa ya kisayansi.

Kwa vitendo: chukueni mabaki madogo ya malakiti kutoka kwa wachongaji wa mjini, mtie kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Itatoa mapovu ya kaboni dioksidi, na maji yatageuka bluu. Tumbukizeni msumari wa chuma uliosuguliwa. Baada ya muda utavaa shaba nyekundu. Vifaa ni vya bei ndogo, kwa hiyo kila wawili wanaweza kuwa na chupa yao, na tatizo la watu kumi kwa bureti moja linapungua lenyewe. Tahadhari mbili. Msisage malakiti hewani, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Na msipokee mawe ya machimboni yanayoletwa na wanafunzi, hasa ya kobalti, maana madini ya Katanga mengine yamechanganyika na urani. Wenzetu wa biolojia nao wana Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linaloota kwenye udongo wenye shaba nyingi na ambalo watafutaji wa madini walilitumia kama ishara. Somo zima la mageuzi na mazingira limesimama kwenye mmea mmoja wa hapahapa.

*Wanafunzi wenye ulemavu.* Hapa naomba tuache kusubiri hadi aje mmoja ndipo tuhangaike. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu nchini kwetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na elimu ni mojawapo. Lakini tusiende kwa sababu ya sheria pekee.

Anzeni na wanaoonekana kila siku na hawasaidiwi: wanafunzi wenye ualbino. Karibu wote wana uoni hafifu, na miwani haiurekebishi kabisa. Mwanafunzi huyo anahitaji kiti cha mbele kisichotazama dirisha, karatasi yenye herufi kubwa, na ruhusa ya kupiga picha ubao kwa simu ili aikuze. Mkienda nje kukusanya mimea au mawe, nendeni asubuhi mapema, na kofia pana na mikono mirefu viandikwe kwa wote kama sehemu ya vifaa vya safari, ili yeye asionekane ametengwa.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu au baiskeli ya mikono: meza ya maabara ya kusimama huwa na kimo cha sentimita 90 hivi. Yeye anahitaji meza ya 75 hivi, yenye nafasi ya magoti chini. Fundi seremala wa komini ya Kenya, hapahapa mjini, atawatengenezea. Na kabla ya hapo, hamisheni TP iende chumba cha chini. Kubadilisha ratiba hakugharimu kitu.

Kuna wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, na wengine hawajijui. Methili chungwa, inayotoka nyekundu kwenda njano, huwasumbua. Bromothimoli bluu, inayotoka njano kwenda bluu, inawafaa zaidi. Maji ya hibiski nyekundu ni kiashiria rahisi ambacho wengi wetu tunakipenda, lakini yanatoka nyekundu kwenda kijani, kwa hiyo yasiwe kipimo pekee. Kwenye umeme, nyaya ziwe na vibandiko vya herufi pamoja na rangi.

Na asiyeona kabisa? Watu husema hawezi kufanya kemia. Chukueni vipande vya kitambaa, mvilaze usiku kucha pamoja na kitunguu kilichokatwa. Kipande kilichodondoshewa asidi hafifu kitabaki na harufu ya kitunguu; kilichodondoshewa sodiamu haidroksidi iliyozimuliwa kitaipoteza. Suuzeni vitambaa kwa maji kwanza, na harufu isukumwe kwa mkono kuelekea puani, pasiwe na mtu wa kuinamisha uso. Mwanafunzi asiyeona ametofautisha asidi na besi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Wengine wote darasani nao wafanye hivyohivyo.

*Silabusi* (maandishi ya somo yanayouzwa kwa wanafunzi). Fupi tu: nakala moja iliyochapwa ikae maktaba, na faili nyepesi ya maandishi, isiyo picha nzito za kurasa, igawiwe kwa simu ili isile mega zote za mwanafunzi. Alama zisihusishwe kabisa na nani amenunua na nani hajanunua. Hili kundi lilisimamie bila kuona haya.

Hatua ya 6: Pimeni kilichobadilika

Rudieni mchoro uleule mlioanza nao. Kama ulichora ramani ya mikono mwezi wa kwanza, ichore tena muhula ukikaribia kwisha, meza ileile ikiwezekana. Linganisha. Mwisho wa kipindi wape wanafunzi karatasi ndogo isiyo na jina yenye maswali mawili: leo ni nini umekielewa, na ni nini kilikuzuia kushiriki? Someni majibu ya swali la pili pamoja, kwenye kikao, kwa sauti. Mtakuta mambo ambayo hakuna nadharia ingewaambia: bluzi za maabara zote ni za saizi kubwa, hakuna mahali pa kuweka mtoto, asistanti fulani anaita kwa majina watu anaowafahamu tu.

Matokeo ya intero nayo yatazamwe, lakini kwa tahadhari. Darasa moja kwa muhula mmoja halithibitishi mengi. Badiliko likionekana kwenye madarasa ya walimu wanne wa kundi, hapo mna kitu.

Hatua ya 7: Mjibuni anayesema kiwango kitashuka

Atakuwepo, na mara nyingi ni mwalimu mwadilifu anayependa somo lake. Msimkimbie. Mweleze habari ya Uri Treisman, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi walikuwa wanaanguka hesabu za mwaka wa kwanza. Alipowauliza walimu, walitaja motisha, matayarisho ya sekondari, familia na umaskini. Alipokwenda kukaa na wanafunzi wenyewe, aliona kitu kingine: walikuwa wanasoma kwa bidii, lakini kila mtu peke yake chumbani. Wenzao wenye asili ya Kichina walimaliza mazoezi kisha wakakutana, wakasahihishana, wakaulizana. Treisman alianzisha vikao vya kusoma pamoja, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani. Kiwango kilipanda, na matokeo ya wanafunzi Weusi yalipanda sana.

Akitaka hesabu, ziko. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni: wanafunzi wanaosikiliza tu mhadhara walikuwa na uwezekano mara 1.5 wa kuanguka kuliko wale waliofundishwa kwa kushirikishwa. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba ufundishaji wa kushirikisha ulipunguza kwa asilimia 33 pengo la alama za mtihani kati ya wanafunzi waliozoea kuachwa nyuma na wenzao. Tafiti hizo si za Katanga, na anayo haki ya kusema hivyo. Mkaribisheni aje apime hapa pamoja nanyi. Mwenzangu mmoja aliyepinga sana ndiye sasa mwenye daftari la vipimo nadhifu kuliko wote.

Mkumbusheni pia kwamba mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) tulioingia unahesabu kazi ya mwanafunzi mwenyewe ndani ya krediti. Mwanafunzi anayenakili matokeo ya TP hajafanya kazi hiyo, hata kama krediti imeandikwa.

Hatua ya 8: Kundi lisife mtu mmoja akiondoka

Makundi mengi hufa mwanzilishi anapopata nafasi ya kwenda kufanya tezi nje ya nchi. Kwa hiyo uratibu uhame kila muhula, na zamu ya kwanza baada ya mwanzilishi apewe asistanti au fundi wa maabara. Wekeni daftari moja la kundi, la karatasi, kwa sababu simu hupotea na umeme hukatika. Kila kikao kiandikiwe ukurasa mmoja: tulitazama nini, tuliona nini, nani anabadilisha nini, nani atamtembelea nani. Michoro ibandikwe humo. Daftari likae kwenye kabati la maabara, ufunguo ubaki kwa fundi, na mwalimu mpya yeyote anayeajiriwa kitivoni aonyeshwe lilipo wiki yake ya kwanza.